Seli Nyeupe Zilizokaa Ndani

Tangu nistaafu naota ndoto za ndani ya mshipa. Si kila siku, wala si ndoto za kutisha. Huwa nimejilaza kwenye kochi baada ya chakula cha mchana, feni inazunguka inavyotaka yenyewe, na mara najiona nachukuliwa na maji mekundu, mapana, yenye joto, yasiyo na kelele. Pembeni yangu zinapita seli nyekundu, nyingi, laini, kama visahani. Kisha naiona moja nyeupe inakuja ikijiviringisha ukingoni, inagusa ukuta, inaachia, inagusa tena, kama mtu anayetafuta nyumba aliyoelekezwa nusu nusu. Natamani kuifuata nione itaingia wapi. Hapo ndipo Mama Rukia, mke wangu, huniamsha anitume dukani.

Niwaambie mapema, nyinyi vijana mnaosomea kazi za maabara na mnaonijia hapa Bongwe na maswali yenu: mimi ni mtu wa ndani. Maisha yangu yote nimeyaishi kati ya nyumba hii na maabara ya hospitali kule Msambweni, kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu. Nairobi naijua kwa runinga. Bahari iko hapo Diani, watu wanaipandia ndege kutoka Ulaya waje waitazame, na mimi miaka mingine hupita sijaenda kuisalimia. Nina cheti cha kidato cha nne chenye alama ya biolojia ambayo mke wangu ameniomba nisiitaje mbele ya wajukuu. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuchunguza seli ambazo sifa yao kubwa ni kutoka nje.

Aliyenifunza ni Bi Zuhura, mkuu wa meza yetu, mwanamke mfupi wa Vanga mwenye sauti ya chini mpaka uache kupumua ndiyo umsikie. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha chupa wala mashine. Aliniuliza tu:

"Bakari, mtu akija kwenu hufanyaje kabla ya kuingia?"

"Hupiga hodi."

"Na wewe uliye ndani, wajuaje kama ni mtu wa heri?"

"Nasikiliza sauti."

"Halafu nani huenda kufungua?"

"Mke wangu."

Alicheka bila kutoa sauti. "Haya. Kazi umeshaijua, isipokuwa hapo mwisho."

Seli haina macho, wanangu, wala haina masikio. Ina ngozi, na ngozi hiyo imejaa vipokezi. Kila kipokezi kimesimama mlangoni, nusu yake nje, nusu yake ndani. Ile nusu ya nje hungoja kitu chake, na kitu chake peke yake. Wengine wote wakipita hakigeuki. Kikikinasa, nusu ya ndani hujikunja umbo jingine, ikamgusa mjumbe aliyekaa karibu, huyo akamgusa mwenzake, na habari ikaenda hivyo kimyakimya hadi kwenye kiini. Hapo seli huamua: nikae, nizaliane, nitoe sumu, nife. Kile kitu cha nje chenyewe mara nyingi hakiingii. Kinachoingia ni habari zake tu.

Tena si kila hodi hufunguliwa. Kuna seli nyeupe ambazo hodi moja haiziinui. Husikia ya kwanza, zikangoja ya pili, ya mtu zinayemjua, atakayesema kwamba hatari ni ya kweli. Ya pili isipokuja, hulala, na ukiziamsha baadaye haziamki. Na kuna vipokezi ambavyo kazi yao ni kutuliza: wengine wakipiga kelele za vita, hivyo husema basi, yatosha, mtauvunja mwili wa watu. Nilipoyasikia hayo mara ya kwanza nilikwenda nyumbani nikamtazama Mama Rukia kwa macho mengine. Akaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu. Akasema, basi acha kunitazama kama ng'ombe.

Sasa mambo ya mkono. Ukishazivisha seli rangi, yaani zile kingamwili zenye rangi zinazojibandika kwenye vipokezi, ziweke juu ya barafu na uzifunike kwa foili. Foili ni kwa sababu rangi hizo hufa zikipigwa na mwanga. Barafu ni kwa sababu kipokezi kikishikwa huku seli ina joto, seli hukimeza. Hukivuta ndani, na ulichotaka kukipima kimepotea machoni. Zenyewe zina maana yao, ndiyo njia ya kuacha kusikia kelele zilizozidi, na mimi sizilaumu, kwani Mama Rukia akianza habari za bati linalovuja masikio yangu pia huingia ndani. Ila damu nzima iliyotoka mkononi sasa hivi usiilaze kwenye barafu, utazitia seli kiwewe. Barafu ni baadaye. Na usiitikise chupa kama dawa ya kikohozi. Igeuze polepole, kama unamgeuza mtoto aliyelala.

Stima ilipokuwa ikipotea, na ikipotea sana, mtambo wetu wa barafu ulikuwa kabati tu. Tulikwenda kuomba barafu kwa wauza samaki. Seli za watu zikanuka nguru, na paka wa Msambweni wakawa wanatupokea getini kama wageni wa serikali.

Mimi nilianza kazi tukihesabu kwa hadubini, jicho moja limefumba, kidole kwenye kihesabio kinacholia tik, tik. Kisha ikaja mashine. Ndani yake seli hupita moja moja mbele ya mwanga mkali, na kila inayopita huacha nukta kwenye kioo cha kompyuta. Nukta zikiwa nyingi huwa wingu. Wingu likikaa kulia, seli hizo zimejaa kile kipokezi unachokitafuta. Likikaa kushoto, hazina. Siku hizi naambiwa kompyuta inajichagulia mawingu yenyewe. Sisi tulikaa tukayatazama. Mchana wa joto, dirisha limefungwa, mashine inavuma, wingu linajijenga nukta kwa nukta, ungeapa kuwa mvua inanyesha mahali fulani mbali sana, ndani ya mtu.

Fundi wa mashine hiyo alikuwa Mutua, kijana wa Makueni aliyeshuka pwani kutafuta kazi za hoteli Diani. Hoteli ikafungwa, yeye akabaki na suruali nzuri tu, akaenda kusomea mitambo. Kiswahili chake kilikuwa cha mbio. Mimi aliniita buda, yaani mzee, na Bi Zuhura alimwita Madam mpaka siku aliyoambiwa, kwa sauti ile ya chini, kwamba hapa watu huanza na shikamoo. Kuanzia hapo alitoa shikamoo kwa kila mtu, pamoja na mlinzi aliyekuwa mdogo kwake.

Kulikuwa na desturi moja ya kazi ambayo nataka muishike. Kila ukipima damu ya mgonjwa, unapima kando yake damu ya mtu mzima wa afya, siku hiyo hiyo, kwa rangi ile ile. Bi Zuhura aliiita damu ya shahidi. Mgonjwa akionekana hana kipokezi, na shahidi anacho, basi tatizo ni la mgonjwa. Wote wawili wakionekana hawana, rangi imekufa. Karibu kila siku shahidi nilikuwa mimi. Si kwa ubora wa damu. Wenzangu wakiitwa walikuwa wametoka kidogo, na mimi sikuwa mtu wa kutoka.

Isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Sisi Waislamu wa maabara tulijua kwamba kutoa damu mchana kunabatilisha saumu, kwa hiyo mkono uliokuwa ukidungwa ni wa Mutua.

"Buda, yaani nyinyi ndio mnafunga, halafu mimi ndio natolewa damu?"

"Si wewe unayekunywa chai saa nne? Ilipie."

"Hii chai imekuwa ghali, maze."

Tulijua, nimesema. Tulijuaje? Hakuna aliyewahi kuuliza. Kila mmoja alimkuta mwenzake anajua.

Ramadhani moja Mutua alikwenda kwao, mama yake akiumwa. Wiki hiyo ndiyo aliyokuja Umazi. Majina ya familia hii nimeyabadilisha, mengine nimeyaacha yalivyo. Umazi alikuwa mke wa mfugaji kule sehemu kavu, juu ya Kinango, na mgongoni amembeba binti yake Nyamvula, mtoto ambaye hajaanza kutembea. Mguuni mtoto alikuwa na kidonda. Alichomwa na mwiba, mama alisema, miezi mingi nyuma. Kidonda kilikuwa wazi, kikavu, kingo zake za kijivu, na hakikuwa na usaha hata tone. Fizi zake nyekundu. Homa inakuja, inaondoka, inarudi na nyingine.

Tulipohesabu seli zake nyeupe zilikuwa nyingi mno, mpaka Daktari Njeri, mwanamke kijana aliyekuwa akitibu watoto, akaogopa kansa ya damu. Lakini kwa hadubini seli zilikuwa nzuri, zimekomaa, hazina kasoro. Akakaa na sisi mezani akiwaza kwa sauti. "Barabara imejaa, na kidondani hakuna aliyeshuka," alisema. "Kwa nini hawashuki?" Kisha akatuomba tupime kipokezi cha kushikia.

Hapa mnisikilize, maana ndipo ndoto zangu zinapotoka. Seli nyeupe inapita kwenye mshipa kwa kasi. Mahali penye uchafu, ukuta wa mshipa hutoa vijinyoya, seli ikavigusa ikaanza kuviringika polepole. Kipokezi chake kimoja kinanasa harufu ya hatari, kinapeleka habari ndani. Habari ikifika ndani, inarudi tena juu ya ngozi kwa mlango mwingine na kuamsha kipokezi cha kushikia, kile ambacho muda wote kilikuwa kimejikunja. Kinasimama wima. Kinashika ukuta. Na kule kushika kwenyewe kunapeleka habari nyingine ndani: nimeshika, jitandaze, penya. Seli inajilaza bapa kama andazi lililokaliwa, inajipenyeza nje, inakwenda kufanya kazi yake, inafia hukohuko. Maiti zake kwa wingi ndizo usaha. Mtu akiona usaha hukunja uso. Mimi nikiuona naona msafara uliofika.

Sasa ondoa kile kipokezi cha kushikia. Seli inasikia harufu, habari inaingia, amri inatoka, na hakuna mkono wa kuipokea. Inaviringika, inapita, inakwenda zake. Hazijui kutoka. Seli za mtoto huyo zilikuwa watu wa ndani kama mimi, ila mimi nikikaa ndani hafi mtu.

Tukapima. Wingu la Nyamvula likajijenga kushoto kabisa, limejikunyata ukutani. Nilikuwa nishatia kofia kwenye kalamu niende nikamwambie daktari, Bi Zuhura akasema nyuma yangu:

"Shahidi yuko wapi?"

Tukatazamana. Mutua yuko Makueni. Sisi tumefunga.

"Jana stima ilipotea mchana kutwa," akasema. "Rangi hii ililala kwenye friji lenye joto. Nitajuaje kama ni mtoto hana, au ni rangi haioni?"

Shahidi lazima avishwe rangi pamoja na mgonjwa, si baadaye. Damu ilikuwa imekwisha kwenye chupa, na Umazi ameshapanda kurudi kwao. Daktari Njeri alipoelezwa alifumba macho kidogo. Kama kweli mtoto hana kipokezi, homa yoyote ijayo inaweza kuwa ya mwisho. Anahitaji dawa za kila siku na hatimaye uboho wa mtu mwingine, yaani kiwanda kipya cha damu mifupani, na ili kukipanda lazima kwanza uue kile alichozaliwa nacho. Kama anacho, na rangi ndiyo iliyotudanganya, utakuwa umeua kiwanda kizima cha mtoto bure.

"Siwezi kumpeleka huko kwa kubahatisha," alisema. "Nahitaji damu nyingine. Na ya mama, na ya baba."

"Bakari ataenda," akasema Bi Zuhura. "Mama yake alikuwa Mduruma, anawajua kwa lugha."

Nilitoa visingizio. Kiu, mgongo, jua. Alivisikiliza vyote kwa adabu, kisha akasema nipitie kwa ustadhi wa mtaa wetu nimwulize lile jambo ambalo hatukuwahi kuuliza. Ustadhi alikuwa akichagua mchele kibarazani. Hata hakuinua kichwa. "Damu kidogo ya kupima haibatilishi kitu," alisema. "Mngeniuliza ningewaambia tangu zamani. Ila ukizirai ukapewa soda, hiyo utailipa siku nyingine."

Mutua alikuwa amerudi, akaendesha gari la kazi. Aliniheshimu njia nzima, hakula mbele yangu. Kila baada ya muda alisimama akisema anakagua gurudumu, akarudi anatafuna. Mimi kiu ilikuwa imenifikisha mahali pazuri pasipo na mawazo. Nchi ya huko ni nyekundu na nyeupe, vichaka vimekaa mbalimbali, na joto linainuka kutoka ardhini likivitikisa. Mbuzi wanavuka barabara mmoja mmoja, wanatutazama, wanapita. Niliwahesabu kama seli. Nikalala.

Tulimkuta Umazi anatwanga. Mumewe, Chaka, yuko zizini anafunga miti kwa kamba, hakuja. Aliyetupokea ni mama yake Chaka, kikongwe mkavu mwenye macho ya kucheka, akatuletea maji kwenye kikombe. Mutua akanywa. Mimi nikashukuru, nikasema nimefunga.

"Aa," akasema bibi. "Huli chetu, hunywi chetu. Kilichokutoa kwenu ni damu ya mjukuu wangu tu."

Mutua akapaliwa na maji. Nikasema ndiyo, mama, ni hiyo tu, na mimi ningependa zaidi kuwa nyumbani.

Umazi hakucheka. Aliweka mchi chini. "Baba, ile ya kwanza mlisema majibu yatakuja. Majibu hayakuja. Yalikuja maneno."

"Maneno gani, mwanangu?"

Alitazama zizini. Bibi ndiye aliyesema, polepole. Mtoto alipozaliwa kitovu kilikataa kuanguka. Mzazi kwao hatoki nje mpaka kitovu kidondoke, na Umazi akakaa ndani wiki juu ya wiki, wenziwe waliozaa nyuma yake wakimpita wakienda mtoni. Watu wakaanza kuuliza kwa nini. Kidonda kilipokataa kupona walijijibu wenyewe: mama alitoka nje ya ndoa, na mtoto ndiye anayelipa. Waliposikia hospitali imechukua damu ya mtoto na haikusema neno, wakasema imeona damu mbaya inaona haya kutaja. Tangu hapo Chaka analala kwa ndugu yake. Wazee wa kwao wameshasema Umazi arudi kwa wazazi wake, na mtoto wake aende naye.

"Kwa wazazi wangu hakuna gari, hakuna barabara," akasema Umazi. "Akipata homa huko nitamzika. Basi chukueni damu yake, mje mseme ni yangu mbaya, nijue moja."

Nilimwambia ninavyojua, kwa Kiduruma changu cha jikoni. Kwamba tulipima na hatukujiamini, kosa ni letu. Kwamba kitovu kilikawia na kidonda kimekauka kwa sababu moja, kwani kitovu pia huangushwa na hizi seli nyeupe zikifika pale. Na kwamba safari hii tunataka damu ya watu watatu.

"Wa tatu nani?"

"Baba yake."

Kelele za kamba zizini zilikoma.

Bibi akanitazama mkono. "Na wewe je? Wewe damu yako haina kazi?"

"Yangu ndiyo ya kwanza," nikasema, "ndiyo shahidi." Nikakunja shati. Mutua, fundi wa mashine, si wa mikono ya watu, alijaribu mshipa wangu, akaukosa, akajaribu tena akinong'ona pole buda, pole buda, na watoto wote wa mji ule wakaja kutazama mzee akiteswa na mtu wa bara. Bibi alifurahi sana. Damu ilipotoka alipiga makofi.

Kisha Nyamvula nilimtoa damu mimi mwenyewe. Mshipa wa mtoto usiutafute kwa macho, utafute kwa kidole ulichokipasha moto kwenye kiganja chako, na zungumza naye kitu chochote. Nilimweleza kuhusu bati langu linalovuja. Akanisikiliza kuliko wanavyonisikiliza kwangu. Mama yake akafuata, hakukunja hata uso.

Chaka alikuwa amefika uani, amesimama. Mwanamume mrefu, mikono kama mizizi.

"Chaka," akasema mama yake, "kaa chini utoe mkono."

"Mama, mimi siumwi."

"Nimekwambia unaumwa? Kaa."

Akakaa. Mtu anayechinja mbuzi kila wiki alipoiona sindano akageuka rangi ya majivu, ikabidi Umazi amshike bega kwa nyuma asianguke. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumgusa baada ya muda mrefu. Nilitoa damu taratibu kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake chupa nne, zimeshavishwa rangi, zililala juu ya barafu chini ya foili. Stima ilikuwepo. Bi Zuhura alivuta kiti akakaa nyuma yetu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Yangu ikatangulia: wingu langu likapanda likakaa kulia, nene, limeshiba. Rangi ilikuwa hai tangu siku ile. Ikafuata ya Nyamvula. Ikajijenga kushoto, pale pale ukutani, nukta kwa nukta, na safari hii hapakuwa na pa kukimbilia.

Ya Umazi ikakaa katikati. Nusu ya yangu.

Ya Chaka tukaingoja. Mutua alikuwa ameacha kutafuna. Nukta zikaanza kuanguka, chache, nyingi, wingu likaenea, likakaa katikati, sawasawa na la mkewe.

"Buda," akasema Mutua kwa sauti ya chini kama ya Bi Zuhura, "wote wawili. Nusu nusu."

Daktari Njeri aliwaita waje wote, na bibi akaja. Aliwaeleza kwamba maelekezo ya kutengeneza kipokezi kile huja mawili, moja la mama, moja la baba. Kila mmoja wao alizaliwa na moja zima na moja bovu, na zima lilimtosha, hata asijue. Nyamvula amepokea mabovu mawili, moja kutoka kila upande. Hakuna aliyekosa, hakuna aliyetoka popote. Chaka alimsikiliza akitazama sakafu. Alipomaliza hakumwomba mtu msamaha, si mtu wa maneno. Alinyoosha mikono akamchukua mtoto kutoka mapajani mwa mkewe, akaenda naye dirishani, akakaa huko kwa muda mrefu akimwonyesha paka.

Jioni yake Umazi alinikuta getini. "Baba, kwa hiyo ni kweli hana?"

"Hana, mwanangu."

"Bora nijue," akasema, na ndipo alipolia.

Yaliyofuata hayakuwa yangu. Dawa za kila siku, kulazwa, kutoka, homa mbili ambazo kila moja tulidhani ndiyo yenyewe. Uboho wa kaka yake, mvulana mtundu anayeitwa Beja, ukaonekana unaafikiana na wake. Daktari Njeri aliandika kwa kila mtu aliyemjua na asiyemjua, mpaka familia ikasafirishwa hadi India, watu ambao hawakuwa wamewahi kuvuka kivuko cha Likoni. Walipoondoka mimi nikastaafu, nikarudi ndani kabisa. Nikawa naota ule mto mwekundu, na seli za Beja zikielea humo kama wageni ambao bado hawajajua choo kiko wapi.

Walirudi. Nyamvula alikuwa anatembea. Madaktari walisema tungoje tuone, na mimi nikangoja kwenye kochi.

Juzi asubuhi tulikuwa mezani, mimi na Mama Rukia, mahamri na mbaazi za nazi. Simu ikalia, Umazi ametuma picha. Nikavaa miwani. Kilikuwa kidole kidogo cha mguu, karibu kabisa, kimechomwa na mwiba, kimevimba, chekundu, na katikati pake pamekaa tone nono la njano.

Nikacheka. Nikaikuza picha nikacheka tena, machozi yakanitoka.

"Baba Rukia, wacheka nini peke yako?"

Nikamwonyesha. Akaitazama, akaitazama sahani yake, akazisukuma mbaazi mbali.

"Mungu wangu. Hicho ni nini?"

"Usaha."

Chini ya picha kulikuwa na sauti. Nikaibonyeza. Kwanza Nyamvula analia kwa hasira, mapafu mazima. Kisha Chaka anambembeleza. Kisha Umazi, anapiga kelele kama amesimama mbali: "Baba, umeona? Umeona? Zimetoka!" Na nyuma yao wote, bibi yule mkavu, anapiga vigelegele.